Nauza MGB GT yangu ya 1972: nimeanza na kutu, sifa zitafuata

Wakuu, habari za saa hizi.

Naishi Reading, Uingereza. Nauza gari langu, MGB GT ya 1972, rangi ya bluu, bampa za kromu, gia 4 na ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini ukiwa kasi). Tunahamia kwenye fleti isiyo na gereji, na gari la umri huu ukililaza nje kwa mvua za huku, kutu haitakusubiri. Bei ninayotaka ni pauni 6,500. Humu kuna wadau kadhaa wa Uingereza wanaonifuata inbox kuuliza habari za magari haya, kwa hiyo nimeona niweke kila kitu hadharani: gari likoje, lina ubovu gani, na kwa nini tangazo langu linaanza na picha za kutu kabla ya picha ya gari likiwa limeoshwa.

Kwa wasiolifahamu: MGB ni gari dogo la spoti la kampuni ya MG ya Uingereza. Ilianza kuuzwa 1962, ikiundwa kwenye kiwanda cha Abingdon, mji mdogo kusini mwa Oxford, si mbali na hapa nilipo. Za mwanzo zilikuwa za wazi, zenye turubai. Mwaka 1965 ikaja GT, yenye paa la chuma na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Umbo la paa hilo walisaidiwa na Pininfarina wa Italia. Ziliendelea kuundwa hadi Oktoba 1980 kiwanda kilipofungwa, na kwa jumla zilitoka zaidi ya nusu milioni. Ndiyo maana hata mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kulimiliki gari hili. Vipuri vyake bado vinatengenezwa, kuanzia skrubu hadi bodi nzima. Hilo la bodi nitalirudia, maana ndilo linalopanga bei.

Sasa tuingie kwenye bodi.

MGB haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Nguvu yote imo kwenye bodi yenyewe, na sehemu inayobeba kazi kubwa ni vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango, kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi mbele ya tairi la nyuma. Kwa nje unaona bati moja tu. Ndani kuna bati la kati, kisha bati la ndani linaloshikana na sakafu, na chini kabisa kuna reli ya chuma kilichokunjwa. Ni boksi lililofungwa pande zote. Tope likiziba matundu ya kutolea maji, maji yanakaa humo na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku utakapoona rangi imevimba kidogo kwa nje, huko ndani mambo yameshaharibika zamani.

Kwenye gari langu, kizingiti cha kulia kilikatwa na kuchomelewa upya chote, tabaka zote, kabla sijalinunua. Picha za kazi hiyo zipo kwenye faili, na stakabadhi pia. Cha kushoto ni kizima isipokuwa ncha ya mbele, nyuma ya tairi, ambako kuna kutu ya ukubwa wa kiganja na tundu ambalo kidole kinaingia. Pale madigadi la mbele kwa ndani lina kona inayohifadhi tope linalorushwa na tairi. Kila mwenye MGB anapajua. Madigadi lenyewe limefungwa kwa bolti, linatoka, lakini ncha ya kizingiti iliyo nyuma yake lazima ikatwe na kuchomelewa. Fundi aliyelikagua amekadiria pauni 900 pamoja na rangi. Kiasi hicho nimekiandika kwenye tangazo, na picha ya tundu ndiyo picha ya kwanza.

Anayekuja kulitazama, au anayekwenda kutazama MGB nyingine yoyote, afanye hivi. Chukua smaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze rangi, kisha ipitishe taratibu kwenye kizingiti chote na kona ya chini ya madigadi la nyuma. Pale inapoacha kushika, chini ya rangi kuna puti, ule unga wa kuzibia mashimo, chuma hakipo. Halafu tazama mwanya kati ya mlango na nguzo ya nyuma. Uwe na upana uleule juu na chini. Ukikuta umebana juu, bodi imeanza kulegea katikati. Mwisho omba gari liinuliwe jeki upande mmoja, kisha fungua mlango na uufunge. Mlango uliokuwa unafunga vizuri gari likiwa chini, ukaanza kugoma likiwa juu ya jeki, hapo vizingiti vimekwisha hata kama vinang'aa. Wapo wanaobandika kizingiti kipya juu ya kilichooza, wakapaka rangi, wakaandika "bodi safi". Kazi hiyo naichukia, kwa sababu vizingiti hivyo ndivyo vinavyozuia gari lisijikunje ukigongwa.

Injini ni ile ya cc 1798, silinda 4, kabureta 2 za SU. Ni injini ya kazi, haina mbwembwe. Kitabu cha gari kinataka presha ya oili kati ya psi 50 na 80 ukiwa barabarani injini ikiwa na moto wake; hili langu linakaa 60. Silinda hedi ilifunguliwa ikawekwa siti ngumu za valvu, kwa sababu petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa vituoni huku mwanzoni mwa 2000 na siti za zamani zilikuwa zinaitegemea. Mipira ya mafuta yote nimebadilisha, nikaweka inayovumilia ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli.

Ubovu mwingine ni huu. Gia namba 2 inakwaruza asubuhi kabla oili haijapata moto. Ukiisubiri kidogo inaingia. Ukiondoka au ukiachia mafuta ghafla utasikia "ko!" kutoka difu: ni washa za ndani zimelika, ugonjwa wa kawaida wa eksili hizi, na zinaweza kwenda hivyo miaka mingi. Oili inadondoka kidogo kwenye maungio ya injini na gia boksi. Geji ya mafuta inasema nusu wakati tangi limebaki na robo. Siti ya dereva imechanika upande wa mlango.

Sasa na mimi niruhusuni niseme kwa nini nalipenda.

Kabureta za SU lazima zivute hewa sawa, la sivyo injini inatetemeka gari likiwa limesimama. Kuna vifaa vya kupimia, lakini mimi natumia kipande cha mpira chenye urefu wa mkono. Ncha moja naiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, nasikiliza mlio wa hewa, kisha nahamia ya nyuma. Mmoja ukiwa mkali kuliko mwenzake, nalegeza skrubu ya mkono wa kabureta na kuigeuza kidogo sana, robo ya mzunguko au chini ya hapo, hadi milio ifanane. Halafu naongeza matone ya oili kwenye kichupa cha juu cha kila kabureta, nafunga. Injini inatulia papo hapo, usukani unaacha kutikisika. Kazi hii huwezi kuifanya kwenye gari la leo. Boneti ukifungua unakuta plastiki nyeusi.

Na ovadraivu! Swichi moja tu, ikiwa kwenye gia ya 3 au ya 4. Kwenye maili 70 kwa saa, injini inashuka kutoka karibu mizunguko 3,900 kwa dakika hadi kama 3,200, kelele inapungua, na safari ya mbali inakuwa raha tupu. Yangu inaingia mara moja, ya moto na ya baridi. Anayenunua MGB isiyo na ovadraivu ajue atapiga makelele na mwenzake wa siti ya pembeni.

Kuhusu bei. Watu wengi wanaangalia mwaka na rangi. Mimi nimeanza na swali hili: bodi iliyooza kabisa ingegharimu kiasi gani kurudishwa? British Motor Heritage, walioko Witney, wamekuwa wakiunda bodi mpya za MGB tangu 1988 kwa mashine za awali, na bodi tupu ya sasa inazidi pauni 10,000 kabla hujapaka rangi wala kufunga kitu. Kwa hiyo MGB yenye injini mpya na bodi iliyochoka ni hasara, na yenye injini iliyochoka na bodi nzima ni mali. Langu bodi yake ni nzima isipokuwa ile ncha. Nilitazama GT za bampa za kromu zinazofanana na hili, nikatoa 900 za kuchomelea, nikatoa kidogo kwa ajili ya difu na gia, nikabaki na 6,500.

Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Leicester: Mkuu, heshima yako. Mimi nimeuza magari ya kawaida mengi. Ukianza na tundu la kutu unawafukuza wateja wote. Weka picha nzuri, waje, walipende, kutu wataiona wenyewe wakiwa wameshakolea. Halafu hiyo 900 umejikata mwenyewe kabla hujaombwa punguzo.

Mleta uzi: Nimekuelewa ndugu yangu, na kwa Toyota ya miaka 8 pengine ungekuwa na hoja. Kwa gari hili mnunuzi anakuja na smaku, tochi na rafiki anayejua. Akigundua tundu ambalo hukulisema, hatajiuliza tena lina ukubwa gani. Atajiuliza ni kitu gani kingine umekificha, na kuanzia hapo hata ukweli wako hauamini. Ile 900 yako itageuka 2,000 kichwani mwake.

Pia kuna rekodi. Huku matokeo ya MOT, ukaguzi wa kila mwaka wa usalama wa gari, yako mtandaoni bure. Mtu akiingiza namba ya gari anaona lilianguka lini, kwa nini, na mkaguzi alionya nini. Magari yaliyotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana yamesamehewa MOT tangu Mei 2018, lakini mimi nimeendelea kulipeleka kila mwaka kwa hiari. Ada ya juu ni pauni 54.85, na karatasi yenye maonyo ya kweli inauza gari kuliko maneno yangu.

Na sheria ipo. Hata ukiuza kama mtu binafsi, gari lazima lifanane na ulivyolieleza, na ukisema uongo uliomfanya mtu anunue, anaweza kukudai chini ya sheria ya 1967 ya maelezo ya uongo (Misrepresentation Act). Kuuza gari lisilofaa barabarani kana kwamba linafaa ni kosa. Kusamehewa MOT hakuondoi wajibu huo: ukikamatwa unaendesha gari la hatari, faini inafika pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni.

Fundi wa Gerezani: Mkuu salaam kutoka Gerezani, hapa Dar. Hiyo gia ya 2 ni singi (ringi inayolainisha gia kuingia) imelika, kitu kidogo. Kwa nini usishushe gia boksi ukabadilisha, ukauza gari likiwa kamili? Na hizo washa za difu ni vitu vya bei rahisi.

Mleta uzi: Salaam fundi. Vipuri ni rahisi kweli, kazi ndiyo ghali. Kwenye MGB gia boksi haishuki kwa chini. Inabidi utoe injini na gia boksi pamoja kwa winchi kupitia juu. Kwa viwango vya mafundi wa huku, saa hizo zinakula pesa ambayo mnunuzi hatakurudishia. Halafu kuna jambo la pili ambalo mtu wa kazi kama wewe utalikubali: mnunuzi wa gari la aina hii mara nyingi anataka kazi ifanywe na mkono anaouamini. Mimi nikiifanya haraka ili niuze, atakuwa na haki ya kuitilia shaka. Bora aikute kama ilivyo, alipe kidogo, aifungue mwenyewe.

Fundi wa Gerezani: Hapo sawa. Kingipini, zile pini ambazo tairi za mbele zinakatia kona juu yake, umezitazama? Gari za Kiingereza za zamani wengi wanasahau grisi.

Mleta uzi: Umegusa penyewe. Kitabu kinataka grisi kila maili 3,000, na asiyefanya hivyo kingipini zinakufa mapema. Zangu zimekaza. Anayekuja alishike tairi la mbele juu na chini gari likiwa kwenye jeki, alitikise, huku mwenzake amekanyaga breki. Kukanyaga breki kunaondoa mchezo wa beringi. Mchezo utakaobaki ni wa kingipini.

Mdau wa Arusha: Mkuu gari zuri sana, na usukani uko kulia. Kwa nini usilete nyumbani? Nairobi kuna maonyesho ya magari ya kale kila mwaka, yana heshima kubwa.

Mleta uzi: Ni kweli, Concours d'Elegance ya Nairobi ipo tangu 1970 na ningependa siku moja kuliona gari kama hili pale kwenye uwanja wa farasi wa Ngong. Lakini nauza, sihamishi. Soko lake liko huku, wauza vipuri wako huku, na mtu wa kuchomelea ile ncha anapatikana nusu saa kutoka hapa. Tumbo lake pia liko chini mno kwa matuta yetu. Mwenye nia ya kweli ya kulisafirisha sitamzuia, ila kwanza lichomelewe, maana hewa ya chumvi ya baharini itaingia kwenye lile tundu.

Mdau wa Slough: Mzee mimi niko karibu na nina nia. Nikilinunua, London naingia? Na mafuta ya kawaida linakubali? Bima ikoje?

Mleta uzi: Karibu sana kijana wangu. Limesajiliwa kundi la kihistoria, kwa hiyo ULEZ, ile ada ya London ya magari yenye moshi mchafu, hulipi, na kodi ya barabara ni sifuri. Ile ada ya msongamano katikati ya jiji unalipa kama wengine. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, yaani ethanoli inafika asilimia 10. Mipira yangu inaivumilia, lakini gari likikaa wiki nyingi bila kuwashwa ethanoli inavuta unyevu ndani ya tangi. Mimi naweka ile ya bei ya juu yenye alama E5, yaani ethanoli isiyozidi asilimia 5, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Bima tafuta ya magari ya kale yenye thamani mnayokubaliana tangu mwanzo. Ukichukua ya kawaida, siku ya ajali watakulipa kama chuma chakavu. Bei yake uliza kabla hujaja, kwa sababu vijana wanatozwa zaidi.

Ukija, njoo asubuhi. Sitaliwasha kabla, boneti uikute ya baridi uishike kwa mkono wako. Gari linalokutwa limeshapashwa moto linafichwa kitu. Kwanza nitaendesha mimi, usikilize difu na gia ya 2. Ukileta bima ya siku moja utaendesha na wewe.

Mdau wa Leicester: Na malipo? Maana huko kwenye matangazo matapeli wamejaa.

Mleta uzi: Nimeshaandikiwa na "mnunuzi" aliye nje ya nchi, halitazami gari, habishani bei, anasema wakala wake wa meli atakuja kulichukua na atanizidishia pesa nimlipe wakala. Mtu asiyeuliza habari za vizingiti hanunui MGB. Nimemfungia. Utaratibu wangu ni huu: malipo ya benki tukiwa tumekaa pamoja, nione pesa imeingia kwenye akaunti kwa simu yangu mwenyewe, si kwa picha ya skrini anayonionyesha yeye. Ndipo funguo zitoke.

Mleta uzi (nyongeza): Wakuu, gari limeuzwa.

Wa kwanza kuja hakuwa mtu wa humu. Alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akataka nipunguze 1,000. Nikamwonyesha tangazo lililokuwa kwenye simu yake mwenyewe: tundu lipo, makadirio yapo, bei imeshayahesabu. Hakuwa na la kuongeza, akaondoka kwa adabu. Wa pili ni mzee mstaafu aliyefanya kazi ya bati maisha yake yote na ana mashine ya kuchomelea nyumbani. Alipitisha smaku pande zote, akaomba jeki, akafungua na kufunga mlango wa kushoto mara kadhaa bila kusema neno, kisha akasema amekuja kwa sababu ya ile picha ya kwanza. Tumemalizana kwa 6,300. Amechukua faili lote, stakabadhi, kitabu, na ule mpira wangu wa kusikilizia kabureta nimempa.

Mdau wa Slough, pole umewahiwa, lakini usikate tamaa. Ukipata nyingine niambie, twende wote tukaitazame.

Kwa watakaouza baadaye: nimejulisha DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya huku, mtandaoni palepale mnunuzi akiwa bado sebuleni, nikamkatia kile kipande cha kijani cha mmiliki mpya kwenye kadi ya gari, mimi nikabaki na barua pepe ya uthibitisho. Kodi ya barabara haihami na gari tangu Oktoba 2014, kwa hiyo hata kama ni sifuri, mnunuzi lazima aikate upya kwa jina lake kabla hajaingia barabarani. Yeye amefanya hivyo kwa simu kabla hatujatoka nje.

Na aliyeuliza inbox kuhusu Triumph Spitfire: hilo lina chasisi yake, kwa hiyo ukaguzi wake ni tofauti na huu. Weka picha za chini ya gari hapahapa, tuzitazame pamoja.